Viti Vitano vya Kwenda Tabora

Sura ya Nane

Kosa langu lilikuwa kushona kile kitambaa.

Khatibu alikituma kutoka Kibondo mwishoni mwa mwezi wa tano, kwa kondakta wa basi, kikiwa ndani ya mfuko mweusi wa nailoni. Kitenge cha bluu iliyokolea, maua ya njano, kizito, si cha kuchuja. Mimi ni mtu wa kazi. Nina diploma ya afya ya mifugo, nina duka la dawa za mifugo hapa Kasulu, na ninaamini kitambaa kizuri kikikaa sandukuni ni chakula cha panya. Kesho yake kilikuwa kwa Niyonsaba, fundi wangu wa sokoni. Nikamwambia anikatie gauni la mikono mirefu lenye mifuko miwili, mmoja wa simu, mmoja wa funguo. Ijumaa nikalichukua, nikalijaribu nyumbani. Jumapili, tarehe nane Juni 2014, nikalivaa, kwa sababu Khatibu alikuwa anakuja na binti yake ili tuchague mahali pa kuwapeleka watoto likizo.

Hakuna aliyeniambia kwamba kwa ndugu zake Khatibu, kama kwa watu wa Ujiji, kitambaa kinachofuata barua ya posa hakiguswi na mkasi mpaka mwanamke awe amekubali. Kwao ukishona, umejibu.

Na barua ilikuwepo. Ililetwa wiki tatu nyuma na wazee wawili wa Kibondo, imefungwa ndani ya leso nyeupe pamoja na noti. Kaka yangu wa Mpanda alishasema kwenye simu kwamba mzazi wangu hapa Kasulu ni Bi Tunu, basi wazee wakampa Bi Tunu. Bi Tunu ni mama yake Hashimu. Hashimu alikuwa mume wangu, na ana miaka mitano kaburini. Kwa hiyo barua ya mwanamume anayetaka kunioa ilikuwa chini ya godoro la mama wa mwanamume aliyenioa kwanza, na kila asubuhi nilipompelekea uji nilijua nimesimama hatua ngapi kutoka kwenye barua ile. Yeye hakusema neno. Mimi sikuuliza.

Khatibu nilimwambia jambo moja tu. "Sijibu mpaka watoto wako na wangu wakae pamoja wiki nzima, wale sufuria moja, wagombane, tuone." Akasema basi twende likizo sote. Alilisema kama mtu anayeagiza chai.

Pikapu yake ya milango minne ilisimama nje saa nane mchana, nyekundu kwa vumbi mpaka kwenye vioo. Khatibu anauza bati na saruji, ana mabega ya kazi hiyo, na kawaida huanza salamu kabla hajafunga mlango wa gari. Siku hiyo aliuacha mlango wazi akasimama. Aliniangalia kuanzia shingoni mpaka kwenye upindo, kisha akarudi juu polepole, kama anayesoma kitu asichotaka kiishe. Nilisikia masikio yanawaka. Nina miaka thelathini na tisa, nimewahi kumzalisha ng'ombe nikiwa peke yangu kwenye mvua, na mtu ananifanya niwake masikio mbele ya duka langu mwenyewe.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Sina kitu."

"Funga mlango, vumbi linaingia."

Akacheka, ile sauti yake ya chini ambayo tangu Jumatatu nilikuwa naisubiri na kujikasirikia kwa kuisubiri. "Umelishona," akasema.

"Nimeliwekea mifuko."

"Nimeiona. Ahsante, Shadia."

Nikashangaa mtu kushukuru kwa kitambaa alichonunua mwenyewe, lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa zaidi, maana Mwanaamina alikuwa anashuka. Miaka kumi na mitano, mwembamba, amekumbatia ndoo ndogo ya asali kwa mikono miwili tangu Kibondo, nadhani. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tano.

"Shikamoo, ma..." akaanza, akalimeza lililobaki. "Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, weka hiyo ndoo, mikono yako imekufa ganzi."

Ndani, Bi Tunu alikuwa kwenye mkeka wake anachambua maharage. Khatibu akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Barabara je?"

"Vumbi tupu, Mama."

"Likiondoka vumbi likaja tope, mtapita wapi?" akasema Bi Tunu, akatupa kijiwe pembeni. Hakumwangalia yeye. Aliliangalia gauni langu, mara moja, akarudi kwenye maharage yake. Bi Tunu amezaliwa Ujiji. Kama kulikuwa na mtu nyumbani mwangu aliyeijua ile lugha ya vitambaa, ni yeye, na alikuwa amenyamaza siku mbili nzima nikilipiga pasi.

Niliwaketisha wote sebuleni. Mimi sikukaa. Siku hizo nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa nilikuwa nasikia moyo. Nikagawa vipande vya karatasi.

"Kila mtu anaandika sehemu moja, anakunja, anatia kwenye bakuli. Nina laki mbili na nusu. Khatibu anaweka kiasi hichohicho, hakuna wa kuzidisha. Siku saba mwisho, mfungo unaanza mwishoni mwa mwezi."

"Laki tano kwa watu sita," akasema Firdausi, binti yangu, miaka kumi na sita, kidato cha tatu. "Mama, si tunaishia Nyakanazi hapo, tunapiga picha na malori tunarudi?"

"Ukiandika Nyakanazi nitakupeleka."

"Mimi sina neno na mahali," akasema mdogo wake Khamisi, "ila Alhamisi Brazili wanafungua na Kroatia. Pawe na TV na umeme. Mkinipeleka kwenye sokwe, sina ugomvi na sokwe, lakini sokwe hawana king'amuzi."

"Yaani usafiri kilomita zote ukaangalie TV."

"Na wewe unataka kwenda Mwanza ukapige picha na jiwe."

Mwanaamina akacheka. Ilitoka ghafla, akaiziba kwa mkono. Khatibu akamgeukia binti yake, halafu akanitazama mimi juu ya vichwa vya watoto, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, naye hakuyaficha. Nikaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi.

"Mama, na wewe uandike," nikamwambia Bi Tunu.

"Mimi nina safari gani?"

"Andika."

Akapokea karatasi, akaiweka juu ya ungo, akaandika taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Bi Tunu hakwenda shule. Alisoma chuo cha Kurani Ujiji, na Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za msahafu, kama wanawake wa rika lake walivyofundishwa. Aliandika kirefu. Alikunja mara nne.

Khamisi ndiye aliyesoma kura.

"Mwanza," akasema, na wote tukamwangalia Firdausi. "'Popote penye TV.' Huyu ana akili. 'Kigoma, siku nne, kwa basi, chakula tunajipikia.' Hii ya Mama, imekuja na masharti. Tabora." Khatibu akakohoa. "'Hapa.'" Khamisi akaigeuza karatasi. "Hapa wapi?"

"Hapa kwenu," akasema Mwanaamina, macho sakafuni. "Kwetu ni kimya. Baba anarudi jioni, tunakula, tunalala. Hapa mnagombana."

"Na hakuna kiingilio," akasema Khamisi, lakini kwa upole, na akaiweka karatasi ile peke yake pembeni, si kwenye rundo.

Ya mwisho aliishika juu chini, akaigeuza, akakata tamaa. "Hii ya Bibi. Mimi chuoni mwandiko wa mkono sijafika. Mjomba Khatibu?"

Khatibu aliipokea kwa mkono wa kulia. Akaikunjua kidogo, akaona wingi wa mistari, akaikunja tena. Aliitia kwenye mfuko wa shati. "Mama, nikiruhusiwa, nitaisoma nikiwa peke yangu."

"Isome ukiweza," akasema Bi Tunu.

Ni hapo Khatibu alipotaka kuchangamsha mambo. "Basi nisikilizeni. Mimi nimesema Tabora kwa sababu haina gharama. Dada yangu mkubwa ana nyumba pana, mafuta ya gari ni juu yangu, TV ipo, Khamisi. Tunaondoka Jumatano alfajiri. Dada ameshatandika vyumba, mbuzi ameshanunua. Wanakusubiri kwa hamu, Shadia."

"Wananisubiri kama nani?"

Akamtazama binti yake. Mwanaamina, ambaye hakujua kwamba kuna la kuficha, akanijibu yeye. "Shangazi alipiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani wakaja."

"Vigelegele vya nini?"

"Alipoona picha ya gauni."

Firdausi alianza kutafuta mahali pa kuweka macho yake. "Nilimtumia Mwanaamina kwa simu yako," akasema. "Lilikupendeza, Mama. Basi tu."

Nikaliangalia gauni langu, mifuko yake miwili na mikono yake mirefu. Nikamwangalia Bi Tunu. Aliokota kijiwe kingine akakitupa.

"Khatibu," nikasema, "njoo dukani unishikie kitu."

Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Kuna mlango wa kuingia ndani na mlango wa barabarani.

"Nifunge?" akauliza.

"Yote inabaki wazi. Nani alikwambia nimekubali?"

"Gauni."

"Gauni lilisema."

"Kwetu linasema, Shadia. Marehemu mama yake Mwanaamina alikaa na kitambaa chake miezi miwili. Nilikuwa napita kwa fundi kila jioni kuchungulia. Siku nilipokiona kimetundikwa, sikuweza kula. Sasa Ijumaa naletewa picha, wewe umesimama umevaa, mkono mfukoni. Nilikaa chini juu ya mifuko ya saruji. Wateja walidhani nimepata msiba."

Hiyo ndiyo shida yangu na mwanamume huyu. Hata nikiwa na hasira nataka aendelee kusema.

"Ulipaswa kuniambia."

"Nilijua unajua. Umeolewa na watu wa Ujiji."

"Mimi ni Muha wa Kagerankanda. Kwetu ukipewa kitambaa unashona. Na Hashimu hakuwa na hela ya kitambaa."

"Basi sasa unajua." Akasogea, akaweka mkono kwenye kaunta, karibu na wangu, hakuugusa. Kucha zake zina saruji isiyotoka. "Kosa liko wapi? Nakutaka. Na wewe unanitaka. Ningekuwa sijui hilo nisingekuwa naendesha kwenye mashimo yale kila wiki mbili kuja kununua dawa ya minyoo. Nina kuku saba, Shadia. Wameshakunywa dawa ya kutosha mpaka kiyama."

Nikauondoa mkono wangu, kwa sababu ulikuwa umeanza kusogea wenyewe.

"Gari lako lina viti vingapi?"

"Vitano. Kwa nini?"

"Tuhesabu wa kwenda Tabora."

Akakunja vidole. "Mimi. Wewe. Firdausi, Khamisi, Mwanaamina."

"Na?"

Alisimama hapohapo, kidole gumba cha mkono wa pili hewani hakina pa kwenda. Nilimwona akielewa, na nikamwona akitafuta njia ya kutokuelewa.

"Mama ni mtu mzima," akasema. "Njia ni ndefu. Nilidhani atapenda kupumzika."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Dada yako ametandika vyumba vingapi?"

Akaanza kukwaruza saruji kwenye ukucha.

"Ile friji ya chanjo unaiona? Ile ni bangili zake Bi Tunu. Alizivua mkononi, nne za dhahabu, akaniambia fungua duka, hatuli machozi. Miaka mitano huyu mama anaamka na mimi. Mimi si mzigo wa kupakia na watoto wangu halafu yeye aachwe afunge mlango. Ukija kunichukua, uje na kiti chake."

"Na changu kiko wapi?" Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana ilinichoma. "Kila nikija hapa nakaa kwenye kiti cha Hashimu. Nakunywa chai kwenye kikombe alichonunua Hashimu. Barua yangu inalala chini ya godoro la mama yake Hashimu, na mimi mwenyewe nikakubali ipelekwe huko, kwa heshima. Sijalalamika. Lakini kuna siku utaniangalia mimi, Shadia, bila kwanza kuangalia kule ndani kama kuna anayekuona?"

Kwa sababu wakati anasema hivyo nilikuwa nimetupa jicho kwenye mlango wa ndani, sikuwa na jibu. Na mimi nikikosa jibu huwa natoa amri.

"Nenda Tabora mwenyewe ukale mbuzi wako."

Akatoka kwa mlango wa barabarani, akapanda pikapu, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nilianza kupanga chupa. Dawa ya kupe, dawa ya minyoo, vitamini za kuku. Nikazishusha, nikazipanga tena kwa ukubwa. Nilitaka mikono iwe na kazi. Sikutaka kutazama nje. Nilijua nikisikia injini nitatoka mbio mbele ya mtaa mzima, na gauni langu lenye mifuko, na sikujua nitasema nini nikimfikia.

"Hizo chupa ni mara ya tatu," ikasema sauti nyuma yangu.

Bi Tunu alikuwa mlangoni, ameshika ungo kiunoni.

"Mama, ulijua habari ya kitambaa."

"Nilijua."

"Ukaniacha nilivae."

"Wewe umeniuliza kitu? Wiki tatu nzima unapita mlangoni kwangu na uji, unaniangalia kama nimeiba. Barua si nimewekewa mimi? Ungeniuliza, 'Mama, unaionaje,' ningekwambia ninavyoiona. Unaogopa ng'ombe hata mmoja wewe? Huogopi. Unaniogopa mimi bibi kizee."

"Sikuogopi wewe. Naogopa..." Sikuweza kumaliza. Nilikuwa naogopa kwamba siku moja jikoni ataniita mke wa mwanangu, na mimi nitakuwa si mke wa mwanawe tena, na hakutakuwa na jina lingine la kuniitia.

Bi Tunu akatikisa ungo kidogo, maharage yakalia. "Gari halijawaka," akasema, akarudi ndani.

Ni kweli halikuwa limewaka. Khatibu alikuwa amekaa nyuma ya usukani, kichwa chini. Nilidhani anapiga simu Tabora. Halafu nikaona kilichokuwa mkononi: kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alikuwa anakisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo inacheza kama mtoto wa chuo. Alifika mwisho akaanza upya.

Aliporudi hakupitia dukani, aliingia kwa mlango wa nyumba mpaka sebuleni, mbele ya kila mtu. Nilipoingia nilimkuta amesimama mbele ya mkeka. Watoto watatu walikuwa wamejipanga kwenye sofa, hakuna aliyekuwa anagombana.

"Mama," akasema, "niliogopa kuisoma. Nilidhani ni kukataliwa, na sikutaka kukataliwa mbele ya binti yangu. Naomba niisome sasa, wasikie."

"Una sauti?"

"Ninayo."

Akaikunjua. "'Kibondo,'" akasoma. "'Siku tano. Nataka kuiona nyumba atakayokaa mkwe wangu, na jiko lake, na maji yanatoka wapi. Nataka kuona chumba nitakacholala mimi, kama kipo. Kama hakipo niambiwe nikiwa hai, nisiambiwe kwa kuzungushwa. Mwenye nyumba alale kwingine siku hizo, watu wasiseme. Asali yenu ni nzuri.'"

Firdausi alikuwa ameshika mkono wa Mwanaamina, au Mwanaamina ameshika wake.

"Chumba kipo?" akauliza Bi Tunu.

Ningeweza kumsaidia. Nilijua nyumba ya Khatibu kwa maelezo, vyumba vinne, kimoja amejaza bati. Nikafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikaa, kwenye mkono wa sofa, na nikamwangalia yeye, na sikuangalia kwingine.

"Kipo na hakipo," akasema Khatibu. "Kipo, lakini nimekijaza bati na misumari, kwa sababu sikuwa nimekuwazia, Mama. Huo ndio ukweli. Nilihesabu viti vitano, nikahesabu na vyumba hivyohivyo. Kesho nakitoa kila kitu. Hakina dari na kitasa kimekufa. Dirisha ni zuri."

"Linaangalia wapi?"

"Barabarani."

"Vizuri. Sipendi kuangalia ukuta."

"Kibondo kuna TV?" akauliza Khamisi, akisikika kama mtu anayeuliza kwa niaba ya wengine.

"Ipo. King'amuzi nimelipia mwezi mzima."

"Basi mimi nahamisha kura."

"Mwanza ipo palepale, haiondoki," akasema Firdausi, akashusha pumzi. "Mwanaamina, kwenu kuna kioo kirefu? Kile cha kujiona mpaka miguu?"

"Kipo. Hakitumiki."

"Kitatumika."

Mwanaamina akamwangalia baba yake. "Watakuja na kelele zao?"

"Zote," nikamwambia.

Nilinyanyuka nikaenda chumbani. Nililivua gauni, nikavaa dera langu la kazini na kanga juu, nikalikunja lile kwa mishono, mifuko ndani. Nikakaa kitandani nalo mapajani muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Kisha nikashusha begi la safari kutoka juu ya kabati.

Nilipotoka Khatibu alikuwa anaaga, jioni ilikuwa inakuja na baridi ya Juni na njia ni mbaya. Akaniona na kanga. Kilichopita usoni mwake sitaki kukiona tena.

"Umelivua."

"Ndiyo."

"Ni jibu?"

"Si jibu, Khatibu. Ni nguo. Liko kwenye begi."

"Begi la kwenda wapi?"

"Kibondo. Tukikaa siku tano, watoto wasiuane, na chumba cha Mama kikapata dari, siku ya tano nitalivaa. Nitalivaa nikijua ninachovaa. Na hakuna kupiga picha."

Alitabasamu upande mmoja, taratibu, na mimi nilisimama pale kwenye uwanja wangu, mbele ya mtaa, nikamwangalia mpaka tabasamu lilipoisha, na halikuwa na haraka.

"Viti ni vitano vilevile," nikasema, maana lazima mtu aseme.

"Jirani yangu Pasikali ataendesha. Nitalala kwake siku hizo, ana chumba cha uani. Mama anakaa mbele. Wewe na mabinti nyuma. Mimi na Khamisi tunakuja kwa basi, anifundishe hao Wakroatia ni akina nani."

Alihesabu kwa vidole. Safari hii kidole gumba kilipata pa kwenda.

Alikuwa ameshafungua mlango wa gari Bi Tunu alipotoka na ile leso nyeupe mkononi. Mimi nilisimama kama mti. Khatibu akashusha mkono kutoka kwenye mlango. Sote wawili tulijua maana ya posa kurudishwa. Hiyo haina Uha wala Ujiji.

Bi Tunu akaifungua leso juu ya boneti. Akatoa zile noti, akazinyoosha moja moja kwa kiganja, akamkabidhi.

"Hizi kanunulie kitasa cha chumba changu," akasema. "Kizuri, chenye funguo mbili."

Kisha akaikunja leso na barua yake ndani, akaitia kifuani, akarudi kwenye maharage.